Daktari Akiumwa Akili au Kunaswa na Uraibu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Madaktari na Madaktari wa Meno

Mganga hajigangi. Msemo huu tumeusikia tangu utotoni, kisha tukahitimu udaktari na kuanza kuuvunja. Daktari akikosa usingizi anajiandikia diazepam. Akiumwa mgongo baada ya zamu ya usiku anachukua tramadol kabatini. Akiona dunia imemwelemea anaanza fluoxetine bila kumweleza mtu, anaiacha wiki ya tatu kwa kuwa haoni mabadiliko, na hakuna faili lolote mahali popote linaloonyesha kwamba aliwahi kuumwa.

Nawaandikia hao: daktari, daktari wa meno, daktari tarajali, tabibu, na pia rafiki au mke au mume anayemwona mtu wake akizama. Nina jambo moja kubwa la kusema. Kazi ya kwanza si kuacha pombe, wala si kupona sonona. Kazi ya kwanza ni kuwa mgonjwa wa kweli, mwenye daktari wake, faili lake na tarehe yake ya kurudi kliniki. Ukishafika hapo, mengine yote yana njia.

Kabla ya yote: ikiwa hali ni ya dharura

Kama leo unawaza kujiua, achana na mwongozo huu kwa sasa. Mpigie mtu mmoja unayemwamini, mwambie waziwazi "nawaza kujiua, njoo", na usibaki peke yako hadi afike. Mkabidhi dawa zote zilizomo nyumbani, kwenye gari na kwenye begi la kazi. Sisi tuna dawa karibu na tunazijua, ndiyo maana hatari yetu ni kubwa kuliko ya mtu wa kawaida mwenye mawazo yaleyale. Kisha nendeni pamoja idara ya dharura. Kama kuna hospitali nyingine jirani zaidi ya ile unayofanyia kazi, nendeni huko. Kama haipo, nendeni hapohapo pako. Aibu ya kuonekana na wenzako inaisha.

Wengine wanaogopa sheria. Tanzania Bara, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226, kilichofanana na hicho, kinakiuka katiba. Lakini kosa linalotajwa ni jaribio. Kuwa na mawazo ya kujiua na kumweleza daktari ni dalili ya ugonjwa, na hakuna sheria inayokuadhibu kwa kueleza dalili.

Kwa nini sisi?

Haya hayakuanza jana. Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford huko Marekani, ndiye aliyejaribu gesi ya nitrasi oksaidi kwa kung'oa meno mwaka 1844, na jino la kwanza kung'olewa lilikuwa lake mwenyewe. Aliendelea kujijaribia kemikali, akanaswa na klorofomu, na mwaka 1848 alijiua akiwa mahabusu New York. William Halsted, daktari wa upasuaji, alijidunga kokeini mwaka 1884 na 1885 akitafiti namna ya kuzima neva. Ganzi ya taya la chini anayoichoma daktari wa meno kila siku inatokana na majaribio hayo. Halsted akawa mraibu wa kokeini, baadaye wa mofini, na akaishi na uraibu huo huku akiwa mmoja wa madaktari wa upasuaji wakubwa katika historia. Alifanya kazi vizuri kiasi kwamba wengi hawakujua. Ndivyo ilivyo hata leo: kwa daktari, kazi ndiyo huwa ya mwisho kuharibika. Ndoa inavunjika, fedha zinaisha, afya inakwenda, na bado anaingia wadi saa mbili kamili.

Dawa ziko karibu, na zamu zinavuruga usingizi. Kuna ule ujasiri wa "najua dozi", kana kwamba ubongo wa daktari una vipokezi tofauti na vya mgonjwa. Kuna upweke, hasa kwa daktari wa meno mwenye kliniki yake mwenyewe, anayefungua asubuhi na kufunga usiku bila mwenzake wa kumwona mikono ikitetemeka. Na kwa vijana kuna fedha. Mgomo wa madaktari wa Kenya wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulihusu kwa sehemu kubwa malipo na upangiwaji wa madaktari wa mafunzo. Ukimkuta kijana amesoma miaka 6, anadaiwa kodi ya nyumba na analala wadini, usianze kumshauri mazoezi ya kuvuta pumzi.

Hatua ya 1: Jipime kwa kipimo, usijipime kwa hisia

Chukua karatasi na kalamu. Jibu AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10 kuhusu pombe. Alama ni 0 hadi 40. Ukifika 8, unywaji wako una hatari. Ukifika 20, yumkini tayari kuna utegemezi. Kisha jibu PHQ-9 ya sonona, yenye alama 0 hadi 27. Alama 10 na zaidi zinakuhitaji kuonana na mtu. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru: kama jibu si sifuri, rudi kwenye sehemu ya dharura hapo juu, hata kama jumla ya alama ni ndogo.

Nasisitiza karatasi kwa sababu maswali haya tunayajua kwa moyo. Tukijiuliza kichwani tunajirekebishia majibu. Ukiandika namba kwa mkono wako, ukaijumlisha, unabaki ukiitazama.

Madodoso hayo hayaulizi mambo yafuatayo, kwa hiyo jiulize mwenyewe. Je, umewahi kutumia dawa iliyoandikiwa mgonjwa, hata kiasi kilichobaki? Umewahi kuandika cheti cha dawa kwa jina la ndugu ili uitumie wewe? Unajitolea zamu za usiku kwa sababu kabati la dawa huwa halina msimamizi? Unachelewa kuondoka kliniki ili ubaki na gesi au na chupa? Unavaa mikono mirefu kwenye joto la Machi? Jibu moja la ndiyo linatosha kwenda hatua ya 2.

Kuhusu uchovu wa kazi: Shirika la Afya Duniani lililieleza jambo hili mwaka 2019 kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Tofauti yake na sonona mara nyingi huonekana likizoni. Aliyechoshwa na kazi akikaa wiki mbili kijijini anaanza kucheka tena. Mwenye sonona anaibeba mpaka kijijini, na hata mtoto wake akimrukia shingoni hahisi kitu. Hata hivyo uchovu usiotibiwa hugeuka sonona, kwa hiyo usitumie tofauti hii kujipa ruhusa ya kungoja.

Usisahau mwili. Tezi ya shingo, upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, VVU, kukoroma kunakokatisha pumzi usiku: vyote huweza kuvaa sura ya sonona. Vipimo hivyo aviagize daktari wako. Wewe usijitoe damu maabara kwa jina la bandia.

Hatua ya 2: Mwambie mtu mmoja, kwa sentensi iliyoandaliwa

Uraibu wa daktari unaishi kwa siri, na siri ikitoboka mahali pamoja inapungua nguvu. Chagua mtu mmoja ambaye hatapiga kelele na hatakuficha. Rafiki anayesema "aah, hata mimi nakunywa, punguza tu" hafai. Anayefaa ni yule atakayeuliza, "Basi tunaenda lini hospitali?"

Andaa maneno mapema, kwa sababu ukifika mbele yake ulimi utateleza na mtaishia kuzungumzia mpira. Mfano: "Dada, nina jambo, naomba usinikatize. Nimekuwa nikijidunga pethidini tangu mwaka jana. Sijamwambia mtu. Nataka unisindikize kwa daktari wiki hii." Taja kitu kwa jina lake, taja muda, taja unachoomba. Mume au mke mara nyingi anajua zaidi ya unavyodhani; ameshaona sindano, ameshahesabu chupa. Kumwambia kunampunguzia na yeye mzigo.

Hatua ya 3: Tafuta daktari asiye rafiki yako

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunamvuta mwenzetu pembeni ya korido: "Kaka, usingizi unanisumbua, niandikie kitu." Anaandika, kwa nia njema. Hajauliza kuhusu pombe, hajapima, hajafungua faili. Hayo si matibabu, na yeye pia umemwingiza hatarini.

Tafuta daktari bingwa wa afya ya akili ambaye hamfanyi kazi pamoja, hamkusoma darasa moja, hamna biashara pamoja na hahusiki na kupandishwa kwako cheo. Mji mwingine ni bora ukiweza. Aliye Mwanza anaweza kwenda Moshi au Dar es Salaam. Aliye Kisumu anaweza kwenda Eldoret au Nairobi. Muhimbili, KCMC, Bugando, Hospitali ya Taifa ya Mirembe pale Dodoma, Mathari Nairobi, Hospitali ya Rufaa ya Moi Eldoret na Kidongo Chekundu Zanzibar zote zina wataalamu wa afya ya akili. Kliniki binafsi zipo pia mijini, na wataalamu kadhaa huona wagonjwa kwa njia ya simu au video.

Piga simu mwenyewe kwanza. Uliza mambo haya kabla hujataja jina lako: faili linatunzwa wapi na nani analifungua? Nikilipa kwa bima, mwajiri wangu ataona utambuzi wa ugonjwa? Ni wakati gani utalazimika kuvunja siri yangu? Daktari mzuri atakujibu bila kuzungukazunguka, na jibu la swali la mwisho litakuwa karibu na hili: nikiona uhai wako au wa wagonjwa wako uko hatarini. Unayo haki ya kuuliza. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Ukiwa hujui pa kuanzia kabisa, Kenya kuna simu ya bure ya NACADA, 1192, na Tanzania kuna 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Huna haja ya kusema wewe ni daktari.

Siku ya miadi, sema mapema: "Mimi ni daktari, lakini leo naomba unihudumie kama usiyenijua." Usipeleke utambuzi uliokwisha kuufanya, peleka dalili. Usipendekeze dawa. Kaa upande wa mgonjwa wa ile meza na uvumilie kuulizwa maswali ya kitoto kama "unakunywa chupa ngapi kwa wiki?" Jibu namba ya kweli. Daktari wako atapanga kila kitu kwa namba hiyo, na ukiipunguza nusu, dozi ya kukuachisha pombe nayo itakuwa pungufu.

Hatua ya 4: Usijiachishe mwenyewe nyumbani

Hapa napenda uende polepole, kwa sababu hapa watu hufa.

Pombe ndiyo inayodharauliwa. Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa wingi, akiacha ghafla, huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne huweza kuweweseka: anaona wadudu ukutani, joto linapanda, moyo unakwenda mbio, na bila matibabu anaweza kufa. Umewatibu watu wa namna hii wadini. Usifikiri kwako itakuwa tofauti kwa kuwa una diazepam kwenye droo. Kujiachisha pombe kwa diazepam uliyojiandikia mwenyewe, peke yako chumbani, ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine huku degedege likikusubiri. Mwenye historia ya degedege au ya kuweweseka alazwe. Thiamini (vitamini B1) atakayopewa itangulie maji ya glukosi, jambo ambalo wadi zenye haraka hulisahau na ubongo ukalipia.

Diazepam, lorazepam na ndugu zake nazo haziachwi siku moja. Kuziacha ghafla huleta degedege kama pombe. Dozi hupunguzwa kidogokidogo kwa wiki, pengine miezi, na anayepunguza awe mtu mwingine. Dawa zikae kwake au kwa mwenzi wako, utolewe za siku chache tu.

Dawa za maumivu za jamii ya afyuni, yaani pethidini, mofini, fentanili, kodeini, tramadol: arosto yake inatesa kweli, mwili mzima unauma, mafua, kuhara, usiku usio na usingizi, lakini kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi haiui. Kinachoua huja baadaye. Baada ya siku kadhaa bila dawa, uvumilivu wa mwili umeshuka. Akirudia ile dozi aliyoizoea, pumzi inasimama. Madaktari wa usingizi wako hatarini zaidi hapa, kwa kuwa dawa wanazozishika zina nguvu kubwa na nafasi ya kukosea ni ndogo sana. Kwa hiyo nyumbani kuwe na naloksoni, dawa inayozimua dozi iliyozidi ya dawa hizi, na anayeishi nawe afundishwe kuitumia. Tramadol ina hatari yake nyingine: yenyewe huweza kuleta degedege, na kuiacha kunaweza kuchanganyika na dalili zinazofanana na za kuacha dawa za sonona.

Matibabu yapo hapa nyumbani. Kliniki ya Muhimbili ya methadoni, dawa mbadala kwa waraibu wa dawa hizi, ilifunguliwa mwaka 2011, na huduma hiyo ikaenea mikoa mingine. Kenya nayo inayo. Methadoni huhitaji kufika kliniki kila siku, angalau mwanzoni, na kwa daktari jambo hilo ni gumu kwa sababu ya macho ya watu. Zungumza na kliniki kuhusu saa za kufika. Baadhi watafaa buprenofini au naltreksoni, kulingana na hali na upatikanaji. Wewe usichague. Huo ni uamuzi wa yule mliyekutana hatua ya 3.

Gesi ya nitrasi oksaidi kwa madaktari wa meno haileti arosto kubwa, lakini huua kazi ya vitamini B12 mwilini. Ganzi miguuni, kuyumba ukitembea, vidole visivyohisi ala: nenda ukachunguzwe uti wa mgongo mapema, na acha gesi siku hiyohiyo, kwa sababu madhara mengine hayarudi nyuma.

Hatua ya 5: Simama kazini kwa muda, na ujue haki zako

Ukiwa umelewa, una arosto, au mawazo yamekuzidi, usimguse mgonjwa. Hapa sina nafasi ya kulegeza. Tangazo la Geneva, kiapo cha madaktari wa dunia, lilifanyiwa marekebisho mwaka 2017 na likaongezewa ahadi kwamba daktari atatunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma ya kiwango cha juu. Kupumzika ni sehemu ya kiapo.

Omba ED, cheti cha kupumzika kazini kwa ugonjwa, kwa daktari anayekutibu. ED inaweza kusema unahitaji kupumzika bila kutaja ugonjwa. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa kwa uchache siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, kwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo. Mikataba mingi ya serikali na vyama vya wafanyakazi ina zaidi ya hapo, kwa hiyo soma wa kwako. Aliyejiajiri hana vya namna hiyo. Daktari wa meno mwenye kliniki yake amtafute mwenzake wa kumshikia wagonjwa mapema, na amwambie tu kwamba anaumwa.

Vipi kuhusu Baraza la Madaktari Tanganyika, au KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya? Hofu ya kunyang'anywa leseni ndiyo inayowafunga wengi midomo. Mabaraza yapo kulinda wagonjwa, na yana mamlaka ya kuangalia kama mtaalamu anafaa kiafya kuendelea na kazi. Ushauri wangu: kama umesimama kazini, unatibiwa na unafuata masharti, zungumza kwanza na daktari wako na wakili au chama chako kuhusu lini na namna gani ya kulijulisha baraza. Daktari anayefika barazani akiwa na barua ya matibabu ya miezi 3 na vipimo safi anaongea kutoka mahali tofauti kabisa na yule aliyeletwa baada ya mgonjwa kudhurika. Kama kuna mgonjwa aliyeumia au dawa zilizoibwa, mtafute wakili kabla hujaandika maelezo yoyote.

Kama si wewe, ni mwenzako

Tazama daftari la DDA, yaani la dawa za kulevya zinazotunzwa kwa ufunguo. Ampuli ya pethidini ya 100 mg imetolewa, mgonjwa amepewa 50, na zile 50 zilizobaki hazina sahihi ya shahidi aliyeona zikimwagwa. Mara moja ni uzembe. Mara ya tano, jina lilelile, zamu ya usiku, na mgonjwa asubuhi anasema hakulala kwa maumivu: hapo kuna mtu anaumwa. Ishara nyingine ni ampuli zilizovunjwa zisizolingana na hesabu, daktari anayejifungia chooni katikati ya zamu, anayekataa kwenda likizo, anayesisitiza kumchoma mgonjwa mwenyewe badala ya muuguzi.

Usimkabili peke yako koridoni. Mkiwa wawili, mmoja awe anayempenda kweli, mkutane naye mahali tulivu, mchana, akiwa hajatumia. Semeni mlichokiona kwa tarehe, bila neno "mwizi" na bila neno "mlevi". Mje na miadi iliyokwisha kupangwa na gari la kumpeleka. Halafu, na hili ni muhimu kuliko yote: asiachwe peke yake saa zinazofuata. Daktari aliyegunduliwa ghafla, aliyeambiwa "kesho uje ofisini kwa Mganga Mfawidhi" na kuachwa aende nyumbani, yuko katika usiku wa hatari kubwa ya kujiua. Mtu alale naye.

Akikataa na anaendelea kuhudumia wagonjwa, toa taarifa kwa msimamizi. Najua inauma. Kumfunika mwenzako mpaka aue mgonjwa au ajiue inauma zaidi, na haina kurudi.

Hatua ya 6: Matibabu marefu

Wiki za kuondoa sumu mwilini ni mlango tu. Baada yake kuna tiba ya mazungumzo, dawa za sonona kama zinahitajika, na kwa wengi miezi kadhaa kwenye nyumba ya upataji nafuu. Chagua nyumba iliyosajiliwa, yenye daktari anayekuja, inayokubali dawa za hospitali, isiyofunga watu minyororo wala kuwapiga. Itembelee kabla ya kulipa. Ukiona wakazi hawathubutu kukutazama usoni, ondoka.

Imani ina nafasi yake, na wengi wetu tumeshikwa mkono na shehe au mchungaji katika giza. Iende pamoja na hospitali.

Tafuta madaktari wenzako waliopitia hapo. Chama cha kimataifa cha madaktari walio katika Alcoholics Anonymous kipo tangu 1949, kinapokea pia madaktari wa meno, na kina mikutano ya mtandaoni unayoweza kuingia ukiwa Tanga au Bukavu. Kusikia daktari wa upasuaji akisema "nilikuwa naficha chupa kwenye kabati la nguo za thieta" kunafanya kazi ambayo hotuba yangu haiwezi.

Matumaini yapo, na yana takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia madaktari 904 wenye uraibu waliokuwa katika programu za majimbo 16 ya Marekani. Baada ya miaka 5, karibu asilimia 79 ya waliofuatiliwa walikuwa na leseni na wanafanya kazi. Ni matokeo ambayo kliniki nyingi za uraibu zingeyatamani. Yalitokana na matibabu ya kweli, vipimo vya mkojo vya kushtukiza kwa miaka, na leseni kuwa kitu cha kukipigania.

Uingereza walijifunza kwa gharama kubwa. Oktoba 2000, Daksha Emson, daktari wa magonjwa ya akili London aliyekuwa akiishi kwa siri na ugonjwa wa hisia mseto kwa kuogopa kazi yake, alifariki pamoja na mtoto wake mchanga wa miezi 3. Uchunguzi wa kifo hicho ulitaja unyanyapaa ndani ya taaluma na ukosefu wa huduma kwa madaktari. Mwaka 2008 ikaanzishwa huduma ya siri kwa madaktari na madaktari wa meno London, ambayo sasa inafikia England nzima kwa jina la NHS Practitioner Health. Mtu anajipeleka mwenyewe, hahitaji barua ya rufaa. Ninyi mnaofanya kazi huko, mliotoka Moshi, Nairobi au Bujumbura, huduma hiyo ni yenu pia. Kuwa na viza ya kazi hakukuzuii kujiandikisha. Sisi huku bado tunahitaji yetu, na vyama vyetu, MAT ya Tanzania na KMA ya Kenya na vya madaktari wa meno, ndivyo vya kuisukuma: namba moja ya simu, daktari asiye mwajiri wako, na ukuta kati ya matibabu na nidhamu.

Hatua ya 7: Kurudi kazini, na mpango wa kurudia

Rudi kwa makubaliano yaliyoandikwa, yenye mambo haya: saa chache kwanza, hakuna zamu za usiku kwa miezi ya mwanzo, huna ufunguo wa DDA, na dawa za aina hiyo zinatolewa na mwenzako, vipimo vya mkojo bila taarifa, mtu mmoja kazini anayejua ukweli wote. Daktari wa usingizi aliyenaswa na fentanili afikirie kwa uzito kuhamia fani nyingine, kwa sababu kila siku atakuwa na sindano hiyo mkononi. Daktari wa meno aondoe gesi na dawa za kulevya kwenye kliniki yake, abaki na ganzi ya lignokeini, na kazi zinazohitaji zaidi ya hapo azipeleke rufaa. Usijiandikie tena dawa yoyote, hata ya mafua. Ifanye iwe sheria isiyo na tafsiri.

Kurudia hutokea. Andikeni mpango wake mapema, siku ukiwa mzima, nakala moja kwako, moja kwa mwenzi wako, moja kwa daktari wako. Uwe na ishara zako tatu za mwanzo, kama vile kuacha kupokea simu za kikundi, kulala na nguo za kazi, kuanza kutafuta zamu za ziada. Uwe na jina la atakayeshika wagonjwa wako siku hiyohiyo, na namba ya hospitali mtakayokwenda. Iwemo na sentensi moja inayompa mwenzi wako ruhusa ya kumpigia daktari wako bila kukuuliza. Kisha tia sahihi, andika tarehe, na panga siku ya kuupitia upya baada ya miezi 3.